Hata Farasi Kumi

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Niwie radhi kwa ukimya wangu. Barua yako ilinifikia kabla ya mwaka mpya, na sikuijibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Nikiwa na hasira siandiki. Hasira huvuruga mkato na nukta, na mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote hana ruhusa ya kutuma barua iliyovurugika.

Sasa nimetulia. Nisikilize.

Unaniambia baba yako, mdogo wangu wa pekee, alipigwa na kiharusi mwezi wa tisa, nawe ukanificha mpaka Desemba. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Unaniambia mkono wa kulia umelegea, mguu unaburuta, na Kiswahili kimemtoka chote, hata jina lako. Kilichobaki ni vipande vya Kijerumani alivyovizoea kazini, kwa mafundi wenzake wa lifti, na daktari amesema vipande hivyo havina maana, mgonjwa anavitoa kama kasuku. Mahakama ya huko inataka kumteulia msimamizi wa kumwamulia mambo yake. Nyumba ya wazee imeshapatikana nje ya mji. Hakimu anataka maoni ya jamaa kwa maandishi, nawe umenitumia karatasi ya kukubali, niweke sahihi.

Sikuweka. Nimeikunja nikaitia chini ya mguu wa meza yangu iliyokuwa ikitikisika, na sasa haitikisiki.

Umeandika, tena kwa kupita tu, kwamba daktari akimweleza habari za mishipa na picha za kichwa, yeye hutaja “Bahnhof”. Nimekwenda maktaba nikafungua kamusi. Ni stesheni ya treni. Je, mtu anayetaja stesheni kila siku anataka nini? Anataka kusafiri. Anataka kurudi kwao. Nimeshakipaka rangi chumba cha uani. Mlete.

Halafu, umeandika “nyumba ingine”. Ni “nyumba nyingine”.

Shangazi yako


20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, maana nikikaa nasinzia.

Baba hataki stesheni. Huku kila mtu anasema “naelewa stesheni tu”. Ni msemo, maana yake sielewi chochote. Baba anausema tangu mimi mdogo, hata akisoma maelekezo ya mashine ya kufulia. Anayosema sasa yote ni hayo hayo ya siku zote. Yanamtoka kama kwikwi. Wiki za mwanzo na mimi nilikuwa kama wewe, nikisikia neno nakimbilia kitandani, nafikiri amerudi. Hajarudi. Daktari amenionyesha picha ya kichwa chake na mahali palipokufa.

Shangazi, nakuheshimu. Lakini wewe uko maktaba, kwenye kiti. Mimi ndiye ninayemgeuza ubavu. Naingia kiwanda cha mikate watu bado wamelala, natoka naenda hospitali, natoka huko naenda nyumbani kwake kumwagilia maua yake na kuwajibu majirani, “Fundi anarudi lini?” Kila lifti ya jengo lile ikigugumia, wananitazama mimi.

Karatasi ile haikuwa tusi. Ilikuwa karatasi tu. Usikipake rangi chumba chochote.

Chiriku, ambaye siku hizi hana hata la kuimba


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenipiga kofi, na nimelipokea. Uso umenishuka kwa habari ya stesheni. Nilifungua kitabu kisichohusika. Kamusi ya maneno hukupa neno moja moja. Haikwambii watu wanasema nini.

Basi nimerudi maktaba. Mkutubi wa chumba cha marejeo, mama mmoja tunayejibizana tangu jengo lile lifunguliwe, aliponiona naomba tena vitabu vya Kijerumani aliuliza kwa sauti ya sokoni, “Mwalimu Nukta, umeposwa na Mjerumani?” Nikamwambia mume niliyekuwa naye tulisemezana Kiswahili miaka yote na bado hatukuelewana, sina haja ya kuongeza lugha. Alicheka mpaka wasomaji wakamwonyesha bango lake mwenyewe la “Kimya”. Kisha akapanda ngazi akanishushia kitabu kinene cha nahau tupu za Kijerumani, na kingine chembamba kinachozieleza kwa Kiswahili.

Vitabu hivi haviazimwi. Vina ukaidi wake pia. Nahau huwekwa chini ya nomino yake ya kwanza, na ukikosea nomino unazungushwa kama mtu ofisini: tazama “mdomo”, ukifika mdomoni unaambiwa tazama “jani”. Nakaa navyo mpaka wanapofunga madirisha.

Nimeikuta stesheni yako. Maana yake ni hiyo uliyoisema. Sasa nijibu swali moja. Daktari alikuwa akimwambia nini baba yako alipoitaja? Umeandika mwenyewe: alikuwa akimweleza habari za mishipa na picha za kichwa. Mtu anaelezwa mishipa kwa lugha ya madaktari, naye anajibu, “Sielewi chochote.” Kasuku yuko wapi hapo? Mimi ningejibu vivyo hivyo.

Sikubali, Chiriku. Ndugu yangu amenyimwa kila lugha, ameachiwa misemo ya karakana. Kama hiyo ndiyo iliyobaki, nitamfuata huko huko iliko.

Nakuletea mtihani wake kwenye karatasi ya pili. Mwulize kwa Kijerumani chepesi, siku mbili tofauti, asubuhi akiwa ameamka vizuri. Yako maswali ya kweli na yako ya upuuzi, ili tuone kama anatofautisha. Usimsaidie. Usimkonyeze. Andika anachokisema kama anavyokisema.

Shangazi yako


28 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimefanya ulivyoagiza, zaidi ili uniache. Wauguzi wameniona natoa karatasi na kalamu mbele ya mgonjwa, sasa wananiita Profesa.

Swali la kwanza, kama fundi mzuri huipiga lifti teke ikikwama. Alinitazama kama nimemtukania mama yake, akasema: “Ich glaub, mein Schwein pfeift.” Naona nguruwe wangu anapiga mluzi.

La pili, kama chakula cha hospitali ni kitamu. Akasema pua yake imejaa.

La tatu, kama daktari anamwona sawasawa. Akasema ana nyanya machoni. Daktari, siyo yeye.

La nne, kama anataka kuhamia nyumba ya wazee. “Keine zehn Pferde.” Hata farasi kumi.

La tano, lile uliloligeuza: kama atafurahi akirudishwa kwenye nyumba yake mwenyewe, ghorofa ya tatu. Akasema jiwe limemwanguka kutoka moyoni, na macho yakamlowa.

Siku ya pili alisema hayo hayo, ila kwenye la pili alisukuma na sahani.

Mimi misemo hii nimeisikia kwenye basi, kwenye foleni, kwa kila mzee wa karakana. Haina uzito. Mtu anaisema kama anavyopiga chafya.

Nimechoka, nalala.

Chiriku


12 Aprili

Mwanangu,

Nimesahihisha.

Nguruwe apigaye mluzi: husemwa mtu akisikia jambo la kipumbavu lisiloaminika. Sahihi. Pua iliyojaa: nimechoshwa. Sahihi. Nyanya machoni: haoni lililo wazi mbele yake. Hilo nitaliacha bila maoni, kwa heshima ya taaluma ya udaktari. Farasi kumi: hata nikivutwa na farasi kumi, siendi. Jiwe la moyoni: nimepata nafuu, wasiwasi umeniondoka. Nimempa alama zote. Kulikuwa na wanafunzi wazima wa mwili na akili ambao sikuwapa.

Unasema misemo haina uzito. Kwako haina, kwa sababu umezaliwa ndani yake, unaipita kama mtu anavyopita mlango wa kwao asiutazame. Mimi kila mmoja nimeutafuta kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na nilipoupata niliuamini. Baba yako naye aliikuta ukubwani kama mimi. Alikwenda huko hana neno, akaiokota mmoja mmoja kwa watu waliokuwa wakimcheka. Usimwambie haina uzito.

Sasa jambo jingine. Maswali niliyokutumia yalikuwa sita. Umejibu matano, ukasema umechoka. Nimesimamia mitihani mingi, najua mtoto aliyeruka swali na mtoto aliyelifuta. Wewe umelifuta.

Lilete.

Shangazi yako


27 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Haya. Swali la sita: “Unataka kurudi nyumbani kwa dada yako?”

Nilimwuliza siku zote mbili. Siku zote mbili alitazama dirishani, kisha akasema: “Der Zug ist abgefahren.” Treni imeshaondoka. Sidhani kama unahitaji kitabu.

Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umeshakipaka rangi chumba. Na kwa sababu kama nikikubali hilo ni jibu, basi na farasi ni jibu, na mimi nilishaweka sahihi yangu tangu mwezi wa kwanza. Ndiyo. Niliweka kabla hata ya kupata jibu lako. Kwenye karatasi niliyoisaini imeandikwa kwamba Baba hana uwezo wa kueleza anachotaka. Niliisoma, nikaisaini, nikaenda kazini. Sikuwa na ubaya, Shangazi. Nilikuwa nimechoka mpaka nimekuwa mjinga.

Hakimu anakuja hospitali tarehe ishirini na mbili Mei kumwona. Andika maoni yako kwa Kiswahili, hata kama ni ya kunilaani. Nitayatafsiri.

Chiriku


8 Mei

Mwanangu,

Nilifungua kitabu hata hivyo. Neno “Zug” limejaza kurasa, kwa kuwa lina kazi nyingi: upepo upenyao dirishani, hatua ya mchezo, mkunjo wa uso. Nilizisoma zote polepole, moja baada ya moja, kama mtu anayekwenda kwa miguu mahali asipopataka. Nilipofika kwenye treni, mkutubi alikuja akaketi karibu yangu, na siku hiyo hakuniletea utani.

“Wakati wa jambo hilo umepita.” Ndivyo kilivyoandika.

Nimelia kiasi, nikanyamaza. Nilitaka ndugu yangu asikilizwe. Sasa amesema, na alilosema ni kwamba harudi kwangu. Nikilifuta hilo na kubakiza la farasi, nitakuwa nimefanya yale yale ninayowagombeza wengine. Kwa hiyo nayachukua yote mawili. Hataki kuja huku, na hataki kwenda huko wanakomtaka. Anataka ghorofa yake ya tatu na lifti anayoijua kwa mlio. Basi ndilo nitakalolidai, na atakayelipinga atanikuta.

Kuchoka si kosa. Mweleze hakimu umechoka, kwa kinywa kipana. Hiyo ni hoja ya kumtafutia baba yako msaidizi. Haiwi hoja ya kumziba mdomo.

Maoni yangu yamo kwenye bahasha ndogo iliyofungwa. Hutayatafsiri. Mtu aliyeweka sahihi upande mmoja hatafsiri maoni ya upande mwingine. Sikudharau, ndiyo kanuni. Nimeyaandika kwa Kijerumani mimi mwenyewe. Usiogope makosa, hayamo. Sijatunga sentensi hata moja. Sentensi ya Kijerumani niliyoitunga mimi siiamini, lakini iliyochapishwa kitabuni imeshapita mikononi mwa wahariri. Nimetumia hizo tu, nikabadilisha nafsi palipohitajika, na mkutubi amezilinganisha na kitabu herufi kwa herufi.

Mpe hakimu mkononi. Usiifungue.

Shangazi yako


2 Juni

Shikamoo Shangazi, shikamoo tena, shikamoo ya tatu!

Keti. Nakueleza tangu mwanzo.

Tulikuwa chumbani kwa Baba: mimi, daktari, na hakimu, mama mwembamba mwenye mafua aliyekuwa akijipangusa pua muda wote. Baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimemnyoa, nikamvalisha shati la kazini kwa sababu hilo hakulisukuma.

Daktari alianza. Akasema, kwa upole wala simsingizii, kwamba misemo ya Baba ni mabaki. Mtu anaweza kuitoa bila kuwa na wazo lolote nyuma yake, na mahakama haiwezi kujenga uamuzi juu ya mabaki. Hakimu akaandika. Kisha nikampa bahasha yako.

Akaifungua. Akasoma mstari wa kwanza, akanitazama. Akasoma wa pili, akaweka leso chini. Akauliza, “Huyu dada yake amewahi kuishi hapa?” Nikasema hajawahi hata kupanda ndege. Akasema, “Naomba niisome kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu.”

Shangazi! Kumbe uliandika hivi:

“Mheshimiwa Hakimu, siweki jani mbele ya mdomo. Ndugu yangu ana vikombe vyote kabatini. Msizunguke uji wa moto. Liacheni kanisa kijijini. Pua yetu imejaa. Daktari ana nyanya machoni. Hata farasi kumi.”

Kwa mtu wa huku ni wazi kabisa: husemi kwa kuficha, Baba ana akili timamu, wasizungushe maneno, wasikuze mambo. Tena na sahihi yako, na nukta nzito chini yake.

Baba alicheka. Alicheka kwa upande ule mmoja wa mdomo, mate yakimtoka, akipiga mkono wa kiti kwa mkono mzima. Tangu mwezi wa tisa sikuwa nimemsikia akicheka. Hakimu naye alikuwa anajikaza. Hata daktari alitazama dari.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama nikasema: “Mheshimiwa, kuna neno lolote humo hukulielewa?” Akasema, “Hapana. Ni barua iliyo wazi kuliko nyingi ninazoletewa.” Nikasema: “Shangazi yangu hajui Kijerumani. Hawezi kuomba maji. Anajua misemo tu, ya kitabuni, na kwa misemo hiyo ameeleza anachotaka na umemwelewa. Baba yangu naye ana misemo tu. Kwa nini yeye aitwe kasuku?”

Daktari akaanza, “Siyo jambo moja…” Hakimu akainua kidole. Akasogeza kiti chake mpaka mbele ya Baba, akamwuliza mwenyewe, polepole, kuhusu nyumba ya wazee. Unajua alivyojibu. Akasubiri, akalizungusha: “Kwa hiyo umekubali kwenda?” Baba akamletea nguruwe na mluzi wake. Akamwuliza habari ya nyumba yake, likaanguka jiwe. Akafunga kalamu.

Kisha nikamwambia nimeiondoa sahihi yangu, na nikamwambia na la kuchoka, kwa kinywa kipana kama ulivyosema. Akaifungua tena kalamu, akaandika muda mrefu. Kuna muuguzi wa kuzunguka majumbani anayeweza kuja asubuhi. Jirani wa ghorofa ya chini amesema jioni niachie yeye, maana Fundi alimtoa mara tatu kwenye lifti na hajawahi kumcheka.

Hakimu hakuahidi kitu. Amesema uamuzi utakuja kwa posta, na anaweza kuamuru uchunguzi mwingine kwanza. Daktari amepeleka maelezo yake ya nyongeza, kurasa nyingi. Bado tunaweza kushindwa, Shangazi. Lakini sikuweza kungoja mpaka hapo kukuandikia.

Baba ameibakiza nakala ya barua yako. Anailalia.

Chiriku


16 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Barua yako nimemsomea mkutubi, naye amewasomea wasomaji wote. Bango la “Kimya” limegeuzwa ukutani kwa siku moja. Ananiuliza kila asubuhi kama hakimu ameshajibu, na mimi namjibu kwamba mahakama si duka.

Uamuzi ukija kwa upande wetu, mrudishe baba yako nyumbani kwake siku hiyo hiyo, kabla hawajabadili mawazo. Ukija kinyume, usisaini chochote na usilie mbele yao. Ipo rufaa kila penye mahakama. Nami sitatuma bahasha safari hiyo.

Jana nimekwenda ofisi ya uhamiaji kuomba pasipoti. Afisa, kijana wa kujibana tai, aliniangalia nywele zangu nyeupe, akaangalia fomu, akauliza kwa sauti wanayowasemeshea viziwi, “Bibi, unakwenda huko kufanya nini?”

Nikamwambia: kubishana.

Akacheka. Aliponiona sicheki, akaandika “kutembelea ndugu”, nikamwambia afute, aandike nililolisema. Tulivutana hapo mpaka foleni ikaingilia, nusu upande wake na nusu upande wangu. Mwishowe aliandika “shughuli za kifamilia”, nikaona hiyo inabeba yote, nikamwachia.

Akauliza nakwenda kwa muda gani. Nikamwambia hilo nitalifikiri kwanza. Baba yako harudi huku, hilo amelisema na nimelisikia. Lakini yeye kusema harudi hakunifungi mimi mguu. Naweza kwenda kwa wiki ya kesi, nikasema yangu, nikarudi. Naweza pia kwenda nikakaa naye kwenye ghorofa hiyo ya tatu mpaka mmoja wetu amchoshe mwenzake, wewe ukapata kulala. Sipendi baridi, na huko hakuna mtu atakayeniita Mwalimu. Lakini nina kichwa, na kurasa nyingi za kitabu kile sijazifikia.

Fomu imebaki na nafasi tupu mahali pa muda. Afisa amenipa mpaka mwisho wa mwezi niijaze. Nikishaamua, nitakuandikia.

Shangazi yako